Redio ya Vali Isichomekwe Ukutani

Juma lililopita nilipita Narung'ombe, wilayani Ruangwa. Mzee mmoja alinikaribisha barazani, akafunua kitambaa, akanionyesha redio ya vali aliyoachiwa na baba yake. Umeme umeshafika nyumbani kwake.

"Mwanangu, wewe mtu wa redio. Nifungie plagi tuisikie."

"Ngoja kwanza, mzee," nikamjibu. "Tutaiua."

Nyuma ya redio hapakuwa na waya wa kuchomeka ukutani, ila nyaya za betri zenye alama za volti 90 na volti 1.5.

Vali ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa. Ndani mna waya mwembamba ambao ukipata moto hutoa elektroni, nazo huvutwa na bamba la chuma. Kati yao pana wavu unaozizuia au kuziachia, na ndivyo mawimbi hafifu ya eriali yanavyopata nguvu. Volti 1.5 huwasha waya, volti 90 huvuta elektroni. Umeme wa nyumbani ni volti 230! Waya hukatika mara moja, na vali za namna hiyo viwanda vimekwisha kuziacha.

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, transista zilikuwa bado hazijafika madukani. Vijiji havikuwa na umeme, hivyo betri ndiyo iliyokuwa tegemeo. Miaka miwili kabla, Harry Franklin wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alikuwa ameishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza kuunda redio ya vali yenye umbo la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ilidumu saa 300 hivi.

Betri zile haziuzwi tena, lakini wapenzi wa redio huziigiza. Betri 10 ndogo za volti 9, zikiungwa mfululizo, hutoa volti 90. Betri kubwa moja ya tochi hutoa 1.5. Ila kwanza fundi abadilishe kapasita za karatasi, maana zikizeeka huvujisha umeme. Tena asichanganye nyaya, wala asiguse ndani betri zikiwa zimeungwa. Volti 90 si mchezo.

Redio hiyo haitanasa FM. Itatafuta mawimbi ya kati na mafupi tu.

Mzee aliirudishia kitambaa chake. "Imengoja miaka yote hii," akasema, "itangoja na fundi."

Nanyi mlio na redio kama hiyo darini, ngojeni fundi. Hadi juma lijalo, kwaherini.