Je, Wajua? Kezilahabi, Mshairi wa Ukerewe

Je, wajua kwamba mtu aliyeutikisa ushairi wa Kiswahili hakuzaliwa mwambao? Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, na lugha ya kwao ni Kikerewe. Alisoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku shuleni. Baadaye ikafundishwa.

Je, wajua kilichozua zogo mwaka 1974? Diwani ya Kichomi. Mashairi yake mengi hayakufuata vina wala mizani, na kwa wanamapokeo huko kulikuwa kujenga nyumba bila nguzo. Kezilahabi alitaka ushairi usemwe kwa lugha ya mazungumzo ya kila siku, nalo umbo lifuate wazo. Miaka miwili baadaye washairi wa upande wake, Mulokozi na Kahigi, wakatoa diwani ya Malenga wa Bara, na mabishano yakazidi kupamba moto. Naamini yalikuwa mabishano yenye heri: kila upande ulilazimika kueleza shairi ni nini hasa.

Asidhani mtu kwamba aliyaacha mapokeo kwa kutoyajua. Tasnifu yake ya uzamili, mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert, gwiji wa mapokeo hayo.

Ya uzamivu aliiandika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Hiyo ilikuwa kwa Kiingereza. Lakini riwaya, mashairi na tamthilia aliziandika kwa Kiswahili, na hapo ndipo heshima yangu kwake inapozidi. Maswali mazito ya kuwapo, ukweli na kifo, ambayo wengi huyaachia lugha za kigeni, yeye aliyauliza kwa Kiswahili. Chukua Nagona (1990) na Mzingile (1991): vitabu vyembamba, lakini vinawatoa wasomaji jasho hadi leo.

Je, wajua kwamba kati ya diwani yake ya pili, Karibu Ndani (1988), na ya tatu, Dhifa (2008), ilipita miaka 20? Katika kipindi hicho alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, akafundisha huko kwa miaka mingi.

Mwaka 2015 Annmarie Drury alitoa tafsiri ya Kiingereza ya mashairi yake teule, Stray Truths. Kezilahabi alifariki Januari 2020.