Faida ya Muuza Gari Imo Gerejini

Mtu anunuapo gari jipya hudhani biashara imekwisha siku aliyokabidhiwa ufunguo. Kwa muuzaji, siku hiyo biashara ndiyo kwanza yaanza. Twaeleza leo njia zinazopitia fedha baada ya hapo, kwani tumeona wengi wakilipa wasichopasa kulipa, na wengine wakiacha haki yao kwa kuona haya.

Mfano ulio wazi ni wa Marekani. Huko, katika miaka ya kawaida, gari jipya humwachia muuzaji faida nyembamba, maana mnunuzi huzunguka maduka kadhaa akilinganisha bei. Gereji na spea huleta sehemu ndogo tu ya mauzo, ilhali karibu nusu ya faida ghafi hutoka huko. Ni nani alinganishaye bei ya chujio la oili? Wenye maduka hujipima kwa swali moja: je, faida ya gereji yatosha kulipia kodi, umeme na mishahara hata mwezi ambao magari hayakununulika?

Ama dhamana, ambayo wengi huiita waranti, watu huiona kama hisani. Gari likiharibika ndani ya muda wake, mwenyewe halipi. Lakini gereji haitoi sadaka. Hupeleka dai kiwandani, na kiwanda hulipia spea na kazi. Kazi yenyewe haipimwi kwa saa ya ukutani, bali kwa muda uliokwisha kuandikwa kitabuni. Tuseme kubadilisha pampu ya maji kumeandikiwa muda wa saa 2. Fundi akimaliza kwa saa 1, huhesabiwa 2. Akihangaika saa 4, huhesabiwa 2 vilevile. Mafundi wa huko hulalamika kwamba muda wa kazi za dhamana hubanwa kuliko ule anaotozwa mteja alipaye mwenyewe, kwa kazi iyo hiyo. Hapo ndipo penye mtihani, maana fundi mwenye watoto wa kulisha yamkini atalikimbilia gari la mlipaji kwanza. Majimbo mengi yametunga sheria za kukibana kiwanda kiilipe gereji kwa kiwango cha wateja wa kawaida.

Kiwanda nacho hakilali. Hukagua madai, hutaka kuona spea iliyong'olewa, na dai lenye maelezo pungufu hukataliwa, au fedha zikarudishwa. Kwa hiyo mwenye gari na aieleze kasoro kwa ukamilifu: lalia upande gani, likikata kona au likifunga breki, injini ikiwa baridi au moto. Wala asione haya kurudi mara ya pili. Kiwanda hutenga fedha za dhamana kwa kila gari kinachouza, na bei aliyoitoa mnunuzi ndiyo iliyozibeba.

Kwetu Kenya, magari mengi yashukayo bandarini Mombasa ni yaliyokwisha kutumika Japani, na dhamana ya kiwanda aghalabu haipo tena. Lakini tuktuk, pikipiki na magari ya mizigo hununuliwa mapya, mara nyingi kwa mkopo, na familia nzima hula kwa chombo hicho. Dhamana zake huhesabiwa kwa muda au kwa kilomita, chochote kitakachotangulia, kwa sharti la kufanya sevisi mahali palipoainishwa. Pedi za breki, klachi na tairi, vitu vinavyolika, kwa kawaida hazimo. Na sevisi hiyo ya lazima ndiyo mlango wa faida: mteja huja kumwaga oili, akapewa orodha ya kazi nyingine tano. Ailinganishe na kitabu cha sevisi cha kiwanda. Kisichomo humo aulize sababu yake, na akikataliwa dai la dhamana, aombe kukataliwa huko kuandikwe.

Tena ahesabu kilomita, asitazame kalenda peke yake. Tuseme dhamana ni ya mwaka 1 au kilomita 20,000. Tuktuk iendayo kilomita 100 kwa siku huzimaliza kwa siku 200, na kalenda bado yaonyesha zaidi ya miezi 5. Mwenye chombo hicho na akipeleke kikaguliwe ikifika kilomita 19,000, orodha ya kasoro zote ikiwa mkononi, na asiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri.