LIPA KWA SIMU, MJALI MWENZAKO

Siku hizi wakulima wengi wa Buswelu hununua mbegu, mbolea na dawa za kuku kwa kulipa kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza hapa Tanzania mwaka 2008. Sasa mitandao mingine nayo ina huduma kama hiyo. Ni jambo jema. Hubebi noti nyingi, wala huhangaiki kutafuta chenji.

Lakini kulipa kwa simu kuna adabu yake. Msimu wa kupanda ukifika, duka la pembejeo hujaa watu. Mmoja anafika mbele, ndipo anaanza kutafuta simu. Mwingine anakuta salio halitoshi. Nyuma yao yupo mama aliyeacha mtoto mgonjwa nyumbani. Yupo pia mkulima ambaye shamba lake limelowa jana, naye anataka kupanda leo.

Je, ufanye nini?

1. Tazama salio kabla hujatoka nyumbani. Kumbuka ada ya mtandao.

2. Uliza bei mapema. Zamu yako ikikaribia, shika simu mkononi.

3. Andika Lipa Namba ya duka na kiasi cha fedha. Soma jina linalotokea. Je, ni la duka hilo? Kama silo, acha. Kama ndilo, andika namba yako ya siri.

4. Usimtajie mtu yeyote namba ya siri, hata kama unaharakishwa.

5. Subiri meseji ya muuzaji iingie. Usikasirike akisema, "Bado." Wapo matapeli wenye meseji za uongo. Akitoa mfuko wa mbolea bila kupata fedha, hasara ni yake.

6. Mtandao ukisumbua, sogea pembeni, wengine wahudumiwe. Usilipe mara ya pili kabla ya kutazama salio.

Nawe unayesubiri, una wajibu wako. Simama mbali kidogo. Usichungulie simu ya mwenzako. Usimzomee mzee anayesoma tarakimu moja moja. Akiharakishwa hukosea tarakimu moja, na fedha za mbolea huenda kwa mtu asiyemjua. Akiomba msaada, mwelekeze, lakini namba ya siri aibonyeze mwenyewe.

Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma ili usidanganywe. Basi soma jina, soma kiasi, ndipo ulipe. Kisha mpishe mwenzako.