Mwalimu Mgeni na Mama Mzazi



Kila Septemba tunaona jambo lile lile. Mama anakunja godoro, anatia unga wa bukari na sabuni katika mfuko, anamsindikiza binti yake mpaka mlangoni mwa enterna. Halafu anarudi nyumbani na swali moja moyoni: nani atamlea huko? Mwalimu wake simjui, hatoki kwetu, lugha yake si yangu.

Juma hili tumependa kuzungumza juu ya mwalimu huyo mgeni. Na yeye ana usiku wake wa kukosa usingizi, na sisi mama tuna sehemu yetu katika kazi yake.

Hatuendi mbali, tunavuka Luapula tu. Wote tunajua Kasenga, ambako samaki wetu wanatoka. Ng'ambo ya mto, upande wa Zambia, karibu na makao ya Mwata Kazembe, kuna mahali panapoitwa Mbereshi. Watu wa kule si wageni kwetu: wazee wa Mwata Kazembe walitoka kwa Walunda wa huku, na Kibemba kinachosemwa kule kinasikika katika nyumba nyingi za Likasi.

Mwaka 1915 alifika pale mwanamke mmoja wa Uingereza, Mabel Shaw. Hakuwa bado na miaka 30, hakuwa na bwana wala mtoto. Alitumwa na misioni ya Waprotestanti ya London ili afungue shule ya wasichana yenye bweni. Fikirieni, mama. Binti anakuja peke yake katika nchi ambayo mwanamke mzima asiye na mtoto anaulizwa kila mahali, "Watoto wako wako wapi?" Naye anawaomba wamama wa kijiji wampe watoto wao.

Alifanya nini ili wamwamini? Kwanza alijifunza lugha yao. Pili, hakujenga bweni moja refu lenye vitanda vilivyopangwa kama kambi ya askari. Alijenga shule kama kijiji. Wasichana waliishi katika nyumba, wakubwa na wadogo pamoja, na msichana mkubwa alikuwa kama mama wa wadogo wake. Walitwanga, walilima, walichota maji, walipika; masomo ya kusoma na kuandika yaliingia katikati ya kazi hizo. Hata alipofundisha Injili alimwita Yesu Chifu, maana watoto wale waliona kila siku jinsi chifu anavyoheshimiwa.

Methali yetu inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mabel Shaw alikubali kupewa jembe. Aliishi Mbereshi miaka 25, mpaka mwaka 1940. Shule ya wasichana ya Mbereshi bado ina jina lake.

Lakini tusisimulie sehemu tamu peke yake. Katika shule ile msichana alitoka akiingia katika ndoa, na mwalimu alikuwa na sauti kubwa katika mpango wa ndoa hiyo. Wamisionari wengi wa wakati ule walikataa pia chisungu, mafundisho ambayo nachimbusa aliwapa wasichana walipokomaa. Walikuwa na sababu zao. Lakini mama mzazi, ambaye kijiji chake kilikuwa pale pale, alibaki na nini? Binti yake alikuwa na mama wa nyumba, alikuwa na mwalimu aliyeshika nafasi ya mama wa shule nzima, na yeye aliyemzaa akasimama nje ya ua. Mwalimu yule alijua sana kujenga jamaa. Tunauliza tu kama katika jamaa hiyo aliacha kiti cha kutosha kwa mama wa kweli.

Kuna shule nyingine inayotusaidia kuona tofauti, nayo iko mbali, Mbweni katika kisiwa cha Unguja. Huko Caroline Thackeray, naye wa Uingereza, alifika mwaka 1877, miaka 4 baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa. Wasichana wake wengi walikombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walitoka bara, walitekwa wakiwa wadogo, wengine hawakujua tena jina la kijiji chao. Sisi wa Katanga jambo hilo tunalielewa, maana misafara ya watumwa na pembe ilitoka hata Bunkeya kwa Msiri.

Kwa watoto wale hakukuwa na mama wa kusimama mlangoni. Mwalimu mgeni alikuwa mama kweli, kwa sababu hakuna mwingine. Wengine walifundishwa ualimu, wakatumwa bara kufundisha. Wengine walifundishwa kupika, kufua na kusuka. Bibi Thackeray hakurudi kwao kuzeeka. Alikufa mwaka 1926 na kaburi lake liko Mbweni.

Tofauti ni hii: Mbweni mwalimu alichukua nafasi iliyokuwa tupu, lakini Mbereshi nafasi ile ilikuwa na mwenyewe.

Na hapa kwetu? Bibi zetu katika makambi ya Union Minière walijua foye sosiali, ambako wanawake wa Ulaya walifundisha kushona, kufuma na kutunza mtoto mchanga. Mpaka leo kuna bibi wa Likasi wanaoshona vizuri kuliko sisi. Lakini mwulize bibi mambo ya foye. Mara nyingi ataanza na yule madamu aliyejua kumsalimia kwa jina lake, ndipo atakumbuka sindano.

Leo mambo yamegeuka. Sasa wenzetu wenye diplome ya ISP ndio wanaovuka Kasumbalesa kwenda kufundisha Kifaransa Zambia. Ugeni wao si wa bahari, lakini ni ugeni. Nshima ya kule ni bukari yetu, na sokoni wanasikilizana kwa Kibemba. Darasani ni Kiingereza. Mshahara ni kwacha. Huku tunafungua masomo Septemba, kule wanafungua Januari, basi likizo ya mama na likizo ya watoto wake hazikutani. Binti za wengine wanamwita "Madam" mchana kutwa, na binti zake mwenyewe wanalala kwa bibi yao, labda hapa hapa Panda. Jioni anasahihisha madaftari, anatazama simu kama ina uniti, anapiga. Mtoto anasema, "Mama, nimeota jino." Amelikosa jino lile.

Ndiyo sababu tunasema mwalimu mgeni asiachwe peke yake, na mama asikubali kusimama nje ya ua. Sisi walimu tunawaomba mambo manne.

La kwanza, juma la kwanza la masomo nenda ukamsalimie mwalimu wa binti yako, hata kama Kifaransa chako ni kidogo. Mwambie jina la nyumbani la mtoto, ugonjwa wake, kitu anachoogopa. Hayo hayaandikwi katika buletini.

La pili, kama mwalimu ni mgeni katika kartie yako, mfundishe. Mwonyeshe soko, mganga mwenye diplome, njia isiyo salama usiku. Mkaribishe bukari na sombe. Aliyekula kwako hatamtazama mtoto wako kama namba.

La tatu, mwulize binti yako aliye enterna: dada yako mkubwa huko ni nani? Msichana mkubwa ndiye mama wa usiku. Mjue, mshukuru, na akiwa anawatesa wadogo, useme mapema kwa direktrisi.

La nne, mambo ya mwili na ya ndoa usimwachie mwalimu yote. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwalimu atafundisha biolojia. Wewe na shangazi mfundishe heshima ya kujilinda, na mwambieni wazi kwamba diplome inakuja kwanza, bwana atangoja.

Na mama ambaye jirani yake amevuka mpaka kwenda kufundisha, asisahau watoto walioachwa kwa bibi. Wape salamu, tazama madaftari yao, mpigie mama yao umwambie jino limeota vizuri. Yeye kule analea binti wa mtu asiyemjua. Sisi huku tumlelee wa kwake.