STELLA: mchoro unaopiga hesabu

Katikati ya miaka ya 1950 wakuu wa General Electric walikuwa na fumbo katika viwanda vyao vya vifaa vya nyumbani huko Kentucky, Marekani. Kuna wakati kazi ilifurika hadi watu wakaingia kwa zamu tatu au nne. Miaka michache baadaye, nusu yao walikuwa wamepunguzwa. Wengi walisema ni soko tu, biashara hupanda na kushuka. Jay Forrester, mhandisi aliyehamia shule ya menejimenti ya MIT mwaka 1956, aliwauliza swali jingine: mnaamuaje kuajiri na kujaza ghala? Alipopata majibu, alichukua penseli na daftari, akapiga safu za bidhaa ghalani, wafanyakazi na oda, akaanza kukokotoa mstari baada ya mstari. Hata alipoziacha oda za wateja zisibadilike kabisa, idadi ya wafanyakazi iliyumba vilevile. Ugonjwa ulikuwa katika taratibu za kiwanda chenyewe: waliajiri kwa kuutazama upungufu wa leo, na matokeo ya kuajiri yakaja wakati upungufu umekwisha.

Forrester hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Alikulia kwenye shamba la ng'ombe huko Nebraska, na akiwa mwanafunzi wa sekondari aliunda mtambo wa upepo kwa vyuma vya magari chakavu, ukaleta umeme wa kwanza nyumbani kwao. Baadaye aliongoza ujenzi wa kompyuta ya Whirlwind. Kwa hiyo daftari halikukaa sana kabla ya kazi yake kuhamishiwa kwenye kompyuta. Mwaka 1959 Phyllis Fox na Alexander Pugh walitengeneza lugha ya DYNAMO kwa ajili ya hesabu za aina hii. Humo kila kiasi kilibeba mkia: .J kwa wakati uliopita, .K kwa sasa, .KL kwa kipindi kinachofuata. Aliyeizoea aliiona safi. Meneja wa ghala, ambaye ndiye aliyeyajua mambo ya ghala, aliiona kama maandishi ya mganga.

Ndipo lilipo tatizo kubwa zaidi ya usumbufu wa kuandika. Kitabu cha The Limits to Growth cha mwaka 1972, kilichoonya juu ya mwelekeo wa watu, chakula, viwanda na uchafuzi duniani, kilitegemea modeli iliyoandikwa kwa DYNAMO. Watu wengi sana walikisoma na kukibishania, lakini walioweza kuifungua modeli na kusema "hapa mmekosea" walikuwa wachache. Wengine walibaki kuamini au kukataa.

Programu ya kompyuta iitwayo STELLA ilitoka mwaka 1985, kazi ya Barry Richmond, mwalimu katika chuo cha Dartmouth, New Hampshire, ambako lugha ya BASIC nayo ilizaliwa mwaka 1964. (Chuo hicho kina desturi nzuri ya kuwafungulia mlango wasio wataalamu.) Kompyuta ya Macintosh, yenye kipanya na picha kwenye kioo, ilikuwa na mwaka mmoja tu sokoni. Richmond aliona kwamba michoro ambayo wafuasi wa Forrester walikuwa wakiichora ubaoni kabla ya kuandika programu ingeweza kuwa programu yenyewe.

Alama zake kuu ni chache. Sanduku ni tangi: chochote kinachojaa na kupungua, iwe maji, deni, wagonjwa au samaki. Bomba lenye koki huingiza au kutoa. Duara hubeba kinachoamua koki ifunguke kiasi gani. Mshale mwembamba hupeleka habari kutoka alama moja hadi nyingine. Bomba likianzia nje ya mambo unayoyachunguza, mwanzo wake huwa wingu, maana yake "huko zaidi hatuulizi". Na ukitaka kufuta kitu, ulipewa alama ya baruti ukailipua.

Tuwachukue nyumbu wa Serengeti. Chora sanduku moja, liite Nyumbu. Bomba la kuingilia ni kuzaliwa, la kutokea ni kufa. Kadiri nyumbu walivyo wengi ndivyo ndama wanavyozidi, basi vuta mshale kutoka sandukuni hadi koki ya kuzaliwa. Kwenye koki ya kufa weka maduara mawili: ugonjwa wa sotoka, na nyasi za kiangazi zinazogawanywa kwa idadi ya midomo. Kila alama ambayo hujaipa thamani huonyesha kiulizo, na programu haikubali kukimbia hadi viulizo vyote viondoke. Wakati huohuo, nyuma ya mchoro, yenyewe inaandika milinganyo: nyumbu wa sasa ni nyumbu wa hatua iliyopita, jumlisha waliozaliwa, toa waliokufa.

Sasa punguza sotoka. Hilo lilitokea kweli: ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa, na kufikia mwaka 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu. Walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikaribia milioni 1.3, kisha nyasi zikawawekea kikomo. Lakini kisa kina mkia mrefu zaidi. Ongeza sanduku la nyasi, na jingine la miti. Nyumbu wengi hula nyasi nyingi, nyasi zikipungua moto wa kiangazi hukosa cha kuunguza, na miche ya miti hupona. Watafiti waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2009, kwa hesabu nzito kuliko hizi, walionyesha kwamba njia hiyo ndiyo iliyorudisha miti Serengeti. Sindano aliyochomwa ng'ombe nje ya hifadhi imeotesha miti ndani yake. Mnyororo kama huo ni mgumu kuushika kichwani. Kwenye mchoro unaufuata kwa kidole.

Wepesi huo una hatari yake, na kwa maoni yangu wauzaji wa programu za namna hii hawaisemi vya kutosha. Kiulizo huondoka kwa namba yoyote utakayoandika, ya kweli au ya kubahatisha, na grafu itakayotoka itakuwa nzuri sawasawa. Kompyuta pia haihesabu muda kama mto unavyotiririka. Inaruka kwa hatua ndogondogo. Ukiweka hatua kubwa mno, sanduku linaweza kupandishwa na kushushwa ovyo, ukadhani umegundua siri ya maumbile kumbe ni hesabu inayojikwaa. Tena tangi la nyumbu ni namba moja tu, halimjui nyumbu mmojammoja. Anayetaka kuona kila mnyama akiamua njia yake hutumia zana ya ukoo mwingine, kama NetLogo ya Uri Wilensky ya mwaka 1999, ingawa hapo utarudi kuandika mistari kidogo. Anayetaka kujaribu masanduku na mabomba bila gharama anaweza kufungua Insight Maker kwenye kivinjari.

Je, mchoro wa tangi na bomba si jambo la watoto? Linda Booth Sweeney na John Sterman waliwapa wanafunzi wa shahada za juu wa MIT grafu za maji yanayoingia na kutoka kwenye beseni, wakawaomba wachore kiwango cha maji. Hakukuwa na mlinganyo wowote wa kutatua, lakini wengi walikosea. Katika utafiti wa baadaye waliuliza swali la aina hiyo kuhusu hewa ya ukaa, na wengi walichora kana kwamba utoaji wa moshi ukiacha kuongezeka, basi kiasi kilichomo angani nacho kitaacha kuongezeka. Bahari na mimea huondoa karibu nusu tu ya hewa ya ukaa tunayoitoa kila mwaka. Tukibaki hapahapa tulipo bila kuzidisha hata kidogo, tangi litaendelea kujaa.