Kinu cha Upepo cha Brixton

Katika maongezi yetu ya leo twakusudia kuwaelezeni habari za kinu kimoja cha upepo kilichoko Brixton, upande wa kusini wa mji wa London: jinsi kilivyokufa, na jinsi kilivyofufuliwa. Huenda msikilizaji akauliza, "Kinu cha Uingereza kina faida gani kwetu, nasi unga wetu twausagisha kwa mashine ya mafuta au ya umeme?" Swali hilo ni la haki, wala hatutalikwepa. Twaomba tu mtusikilize hata mwisho, maana jambo tunalotaka kulipima si unga peke yake, bali ni hili: kazi ya mikono ya watu wa kale yawezaje kuhifadhiwa, isife mara ya pili?

Kwanza yafaa tufahamu kinu cha namna hii hufanyaje kazi. Bawa la kinu ni ndugu wa tanga la jahazi. Mabawa manne hufungwa mbele ya mhimili mkubwa, na kila moja huinamishwa kidogo upande, hata upepo ukilipiga haulisukumi nyuma tu, bali hulizungusha. Juu ya mnara wa matofali kuna kofia ya mbao, nayo kofia hiyo haikupigiliwa mahali pamoja, yaweza kugeuzwa. Kama vile nahodha ageuzavyo tanga lake akiona upepo umehama, ndivyo msagaji ageuzavyo kofia, ili mabawa yaukabili upepo daima. Akizembea, na dhoruba ikaja ghafula kutoka nyuma, mabawa na kofia pia vyaweza kung'olewa.

Ndani ya kofia, mhimili ule hubeba gurudumu kubwa lenye meno. Meno hayo hushikana na ya gurudumu dogo lililo juu ya nguzo iliyosimama wima, na nguzo hiyo ndiyo ichukuayo nguvu ya upepo kutoka juu mpaka kwenye mawe ya kusagia. Mara nyingi mafundi wa kale waliweka meno ya mti mgumu yashikane na meno ya chuma. Walikuwa na sababu. Mti juu ya chuma hautoi cheche, wala haupigi kelele nyingi. Na mtambo ukikwama, huvunjika jino moja la mti, ambalo seremala aweza kulichonga upya, badala ya kuvunjika gurudumu zima.

Mawe ni mawili. La chini halisogei. La juu huzunguka. Nafaka humiminwa katika tundu la katikati ya jiwe la juu, ikakatwa na mifereji iliyochongwa katika nyuso za mawe yote mawili, ikisukumwa pole pole mpaka ukingoni, na hapo hutoka unga. Mawe hayo hayapaswi kugusana kamwe. Nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kama karatasi, na msagaji huipima kwa kusugua unga kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ukiwa na chenga, huyasogeza mawe. Ukiwa wa moto mno, huyaachanisha. Nafaka ikiisha naye hajui, mawe husuguana na kutoa cheche, na kinu kilichojaa mbao na vumbi la unga huweza kuwaka moto.

Basi kinu cha Brixton kilijengwa mwaka 1816, wakati mahali hapo palipokuwa bado mashamba. Urefu wake hata ncha ya kofia ni kadiri ya futi 49. Jamaa ya Ashby ndio waliokiendesha, na kwa miaka mingi upepo uliwatumikia vema. Lakini mji wa London uliendelea kutanuka. Nyumba zikajengwa huku na huku, zikaukinga upepo, na mwaka 1862 jamaa hao wakahamishia kazi yao kwenye kinu cha maji huko Mitcham, kando ya mto Wandle. Miaka miwili baadaye mabawa yakateremshwa, mnara ukawa ghala tu. Mwaka 1902 wakarudi, wakaweka ndani yake kinu kidogo cha chuma chenye mawe yake, kikiendeshwa kwa mvuke na halafu kwa gesi. Kazi hiyo nayo ikakoma mwaka 1934.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza. Mwaka 1964 wenye mamlaka wa mji walikitengeneza kinu, wakakitia mabawa mapya na sehemu za mitambo zilizotoka katika kinu kingine kilichoachwa, huko Burgh le Marsh katika jimbo la Lincolnshire. Kazi ilikuwa njema, lakini haikudumu. Mbao zililiwa na mvua, vijana watundu wakavunja walivyoweza kuvifikia, na mlango ukawa wa kufungwa siku zote. Wazee wetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinu kilipata fedha na mafundi, lakini hakikupata watu wa kukaa nacho. Hapakuwa na mtu wa kupanda ngazi kila juma na kutazama maji yameingilia wapi.

Mwaka 2003 wakazi wa mtaa ule walikutana, wakaunda chama cha marafiki wa bustani ya kinu. Hawakuwa mafundi wa vinu. Walikuwa majirani tu. Walianza kwa kazi ndogo ndogo: kusafisha bustani, kufanya sherehe za watoto, kuandika barua, kuwaombea watu ruhusa ya kuingia ndani na kutazama. Kwa muda wa miaka saba walishikilia shauri hilo pamoja na baraza la mtaa wa Lambeth, ambalo ndilo lenye mali, mpaka zikapatikana fedha za bahati nasibu ya taifa zilizotengwa kwa ajili ya urithi. Kazi kubwa ya matengenezo ilifanywa mwaka 2010, na mwezi wa Mei 2011 mlango ukafunguliwa.

Tusidhani kwamba kazi ya kutengeneza kinu cha kale ni sawa na kujenga kipya. Fundi wa vinu hana budi kuwa seremala, mhunzi na mwashi kwa wakati mmoja, au kuwa na wenzake wa kazi hizo. Kwanza hutazama kwa subira: ubao upi umeoza kweli, upi umechakaa uso tu? Kile kiwezacho kufaa hukiacha. Penye kuoza hukata sehemu iliyooza, akaunga mti mpya katika wa kale. Katika kuta hujihadhari na saruji. Matofali ya zamani yalijengwa kwa chokaa, na chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje. Saruji huufungia ndani, na wakati wa baridi kali maji hayo huganda yakapasua matofali. Mafundi wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja wataijua habari hii bila kuambiwa, kwa kuwa nyumba zao za mawe ya matumbawe na chokaa nazo huumia zikipakwa saruji.

Mawe ya kusagia pia yana ufundi wake. Mifereji yake hulika, na baada ya muda jiwe la juu, lenye uzito mkubwa, huinuliwa na kupinduliwa. Hapo fundi huketi na chombo cha chuma chenye makali, akaichonga mifereji upya, mstari baada ya mstari. Twaweza kusoma habari hii kitabuni kwa nusu saa. Lakini mkono haujifunzi kwa kusoma. Hujifunza kwa kuketi karibu na mkono mwingine unaojua.

Kwa hiyo wale majirani wa Brixton hawakuridhika kuwa na jengo zuri la kutazamwa. Walitaka kinu kisage. Upepo wa mtaani haukutosha, kwa sababu ya nyumba, basi wakakirudia kile kinu kidogo cha mwaka 1902, wakakifungia mota ya umeme, na tangu mwaka 2014 kimekuwa kikitoa unga wa ngano. Watu wa kujitolea walifundishwa kazi ya usagaji: kusikiliza sauti ya mawe, kupima unga kwa vidole, kufagia na kutia mafuta. Kuna watakaosema kwamba mota si upepo, na kwamba huo ni udanganyifu. Sisi hatukubali. Jamaa ya Ashby wenyewe waliuacha upepo ulipowaacha wao, wakatumia mvuke na gesi katika mnara ule ule. Anayesaga kwa mota leo afuata desturi ya nyumba ile.

Wadachi waliligundua jambo hili mapema. Katikati ya karne ya 19 nchi ya Uholanzi ilikuwa na vinu vya upepo na vya maji wapatao elfu kumi. Leo vimebaki kama 1,200. Chama cha kuvilinda kiliundwa mwaka 1923, lakini ilionekana kwamba kinu kilicholindwa bila kuzunguka huoza: wadudu huingia katika mbao, na mihimili hupinda kwa kukaa namna moja. Mwaka 1972 kikaundwa chama cha wasagaji wa kujitolea. Atakaye kuingia hujifunza kinuni katika majira yote ya mwaka, kwa saa zisizopungua 150, ndipo atahiniwe. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliuandika ufundi huo wa kuendesha vinu katika orodha ya urithi wa wanadamu. Angalieni vema: kilichoandikwa mwaka ule si majengo, ni kazi ya watu.

Sasa turudi kwenye swali la msikilizaji wetu. Kinu kile kimebadilishwa mabawa, mbao na sehemu za mitambo. Je, bado ni kinu kile kile? Twajibu kwamba ndicho, maadamu wapo wajuao kila sehemu yafanya nini na kwa nini. Lakini wajuao wakiisha, hata kama hapana msumari mmoja uliobadilishwa, kilichobaki ni mnara tu. Nasi tunavyo vyetu vya namna hiyo: majahazi, milango ya kuchongwa, nyumba za kale za pwani. Mtu akija na shauri la kuvitengeneza, tusiulize fedha peke yake. Tumwulize pia: siku mafundi watakapokusanya vyombo vyao na kwenda zao, ni nani atakayeshika ufunguo, na ni kijana gani anayefundishwa sasa kuupokea?