Je, Wajua? Mkono wa Mugwe na Filamu Zinazofichua Kila Kitu

Kuna filamu za kutisha za bunilizi ya sayansi ambazo hutoka baadaye ili kusimulia ya mwanzo: zimwi lilitoka wapi, nani alilifungulia mlango. Tuziite filamu tangulizi. Je, zifumbue mafumbo yote? Wameru na Waembu wana la kusema.

Je, wajua kwamba Mugwe, kiongozi wa kiroho na mtoa baraka wa Wameru, hakuonyesha mkono wake wa kushoto? Ulifichwa chini ya vazi lake, na iliaminika kwamba atakayeuona atakufa.

Je, wajua kwamba padri Mwitaliano Bernardo Bernardi alichapisha kitabu kizima juu ya Mugwe mwaka 1959? Mwaka uliofuata, msomi Rodney Needham akaandika makala juu ya mkono huo wa kushoto. Wasomi wakabishana, lakini mkono ule haukupoteza uzito wake.

Je, wajua kwamba filamu ya *Alien* ya Ridley Scott (1979) nayo ina mkono wake uliofunikwa? Mabaharia wa anga wanaingia ndani ya chombo kigeni na kukuta maiti ya jitu, kavu kama jiwe, imeketi kitini. Mbavu zake zimepinda kuelekea nje, kana kwamba kitu kilipasua kifua kutoka ndani. Hakuna anayetuambia ni nani. Ili jitu lionekane kubwa zaidi, Scott aliwavisha watoto mavazi ya anga, wakiwemo wanawe wawili, wakasimama karibu nalo.

Je, wajua kwamba miaka 33 baadaye Scott mwenyewe alilifumbua fumbo hilo? Katika *Prometheus* (2012), mifupa ile ikawa vazi tu, na ndani yake mtu mrefu mweupe mwenye umbo kama letu. Katika *Alien: Covenant* (2017), roboti aitwaye David akaonyeshwa akifuga na kuchanganya viumbe hadi kupata zimwi. Lililokuwa la kale kuliko fikra zetu likawa kazi ya maabara. Hapo hofu ilipungua.

Je, wajua kwamba *The Thing* ya mwaka 2011 ilitengenezwa ili kueleza magofu yaliyoonekana katika filamu ya jina hilohilo ya John Carpenter ya 1982? Hata shoka lililokwama mlangoni lilipewa kisa chake. Lakini filamu ya Carpenter inaisha kwa wanaume wawili kwenye baridi kali, wala hatujui kama mmoja wao ni zimwi lililojigeuza binadamu. Watu wanabishania mwisho huo mpaka leo.

Je, wajua kwamba Wameru wana simulizi tangulizi yao wenyewe, ile ya Mbwaa? Huko walikuwa watumwa wa Nguo Ntuni, watu wa mavazi mekundu, waliowapa majaribu yasiyowezekana. Waliagizwa kuleta kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakakikata kutoka kwenye ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Kisha wakatoroka na kuvuka maji. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, wa alfajiri Ntune, wa mchana Njeru. Kiatu tunakijua kwa undani. Mbwaa penyewe ni wapi, wanahistoria bado wanatafuta.

Je, wajua kwamba Waembu husimulia asili yao kwa Mwenendega, aliyemkuta Nthara akioga mtoni? Alikubali kuolewa kwa sharti. Sharti lilipovunjwa, dhoruba na mafuriko vikawachukua. Nthara alitoka kwa nani? Simulizi hii haisemi, na ndiyo maana mto ule hautoki akilini.

Je, wajua kwamba kuna filamu tangulizi iliyojizuia, na nyota wake ni Mkenya? Ni *A Quiet Place: Day One* (2024), ambamo Lupita Nyong'o ni Samira, mgonjwa wa saratani anayepita New York akiwa na paka wake huku viumbe wanaowinda kwa kufuata sauti wakishuka. Kwa nini wamekuja? Hatuambiwi. Tunachoelezwa ni moyo wa Samira: anataka kula piza Harlem kabla ya kufa.

Je, wajua kwamba si kila maelezo huua maajabu? Kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru lipo ziwa ambalo hata ramani huliita takatifu. Wanasayansi wamechimba matope yake na kusoma katika chavua iliyomo habari za misitu na barafu za makumi ya maelfu ya miaka. Matope yamelipa ziwa umri, utakatifu hayakuugusa.

Basi anayetunga mwanzo wa kisa atueleze watu: kiatu, piza, sharti lililovunjwa. Mkono wa kushoto auache chini ya vazi. Nawe ukimsimulia mtoto habari za Nthara jioni ya leo, akikuuliza alikotoka, usimbunie jibu. Mwache alale na swali.